Safu ya Ilde

Kila asubuhi, Ilde akirudi kutoka kijijini na mkate, yeye na baba yake walikunywa kahawa kisha wakapanda darini. Ilde alifunua kitambaa cha kitani kwenye mdomo wa kila pipa. Baba, mzee Amedeo, aliinama akanusa siki, akasema "mzima" au "huyu bado kalala", wakahamia pipa lingine.

Asubuhi ile jikoni hapakuwa na mtu. Ilde akapanda peke yake, akafunua moja baada ya jingine, na alipofika safu ya mwisho mkono ukabaki hewani. Mapipa yake matano hayakuwepo. Juu ya mbao yalibaki maduara matano meupe.

Pale Ca' Gazzola, shambani kwao, tangu enzi za babu wa Amedeo, kila msichana aliyezaliwa aliwekewa safu ya mapipa matano, kutoka kubwa hadi dogo, na la kwanza likatiwa kata moja ya siki kutoka pipa la Bibi Argia wa ukoo wao, lililokuwa kongwe kuliko yote. Siku ya kuolewa, safu ilishuka naye. Ya shangazi Tosca iliondoka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ya shangazi Velia ilivuka bahari mpaka Argentina. Alama zao zilikuwa bado pale sakafuni. Ilde alipokuwa mdogo alipenda kukaa katikati ya duara la shangazi asiyemjua, akimngoja. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tatu, hajaolewa, safu yake ikingali juu. Watu walimtania. Alicheka nao, na moyoni alishukuru.

Sauti ya baba yake ikamfikia kutoka nyuma ya zizi. Akashuka mbio.

"Polepole, Quinto! Hilo si gunia la viazi."

"Ningejua mzigo wa bibi harusi mzito hivi, ningekula kwanza," alisema Quinto, jirani yao, akihema kando ya pikapu yake. Akamwona Ilde. "Huyo hapo! Bwana harusi yuko wapi, aje abebe mwenyewe?"

"Funga mdomo, ushike kamba," alisema Amedeo.

Mapipa manne yalikuwa yamekwisha kupakiwa. La tano, lile dogo, lilikuwa chini, limefungwa blanketi la marehemu mama yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Kesho tunatia saini. Wale wanunuzi wa Milano wanachukua nyumba, mizabibu, na vyote vya darini. Ila safu yako si yangu kuiuza. Itaondoka nawe."

"Iende wapi?"

"Modena, kwako."

"Kwangu ni ghorofa ya pili, Baba. Juu yangu anakaa mpiga tarumbeta."

"Utayaweka hata barazani."

Wote wawili walijua siki isiyopata joto la dari kiangazi na baridi yake kipupwe hufa polepole. Quinto naye alijua. Akasema ana kiu, akaelekea kisimani bila haraka.

Ilde alikuwa amekuja Machi kumzika mama yake, akaomba ruhusa ya wiki mbili shuleni anakofundisha. Mizabibu ikachipua, akaongeza likizo. Zabibu zikaiva, akachuma, akakamua, akachemsha maji yake kwenye sufuria kubwa uani, nywele zikanuka moshi mpaka Oktoba. Agosti, wakiosha vyombo, baba yake alikuwa amemuuliza habari ya kuuza. Yeye alitazama sahani aliyoshika, akajibu, "Uamuzi ni wako, Baba." Tangu siku ile jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Umenitunza miezi minane," Amedeo alisema, bila kumtazama. "Inatosha. Sitaki uzeeke hapa kwa kunihurumia, mwanangu."

Ilde aliinama, akalikumbatia lile pipa dogo na blanketi lake, akalinyanyua. Akageuka kuelekea ngazi.

"Ilde! Unalipeleka wapi?"

Alisimama. Hakuweza kumtazama, akaongea mdomo ukiwa karibu na mbao, harufu ya siki ikimpanda puani.

"Nalirudisha. Sikukaa kwa kukuhurumia, Baba. Nililitaka shamba. Tangu utotoni nalitaka, na wewe miaka yote hukuniuliza, na uliponiuliza nikaogopa. Usiwauzie. Niachie mimi."