Kusindikizwa na Kiplangat

Kiplangat wa Kiptere alipofunga njia waliyopita majirani kwa matawi ya miiba ili apande miche ya chai, hakumwomba mtu ruhusa: shamba lake, miiba yake. Jirani yake wa juu, Kemuma, akabaki na kikapu mgongoni na barabara ng'ambo ya miiba. Kuzunguka kwa mtoni kulimla asubuhi nzima, na majani ya chai hayana subira; yakibanwa kikapuni jua likipanda, yanashika joto na kuwa mekundu. Kwenye banda la kupimia, mkaguzi alikuwa ameshamrudishia majani mara mbili. "Ukileta hivi tena," alimwambia, "usijisumbue kurudi."

Jumatatu Kemuma hakuzunguka. Aliingia kwa lango la mbele la Kiplangat, akasimama uani katikati ya kuku.

"Chamgei, baba Chepkosgei!"

"Mising," Kiplangat akaitikia salamu, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. "Lakini njia nilifunga, mama. Hakuna kupita."

"Nani anapita? Nimekuja kuwasalimia."

Hapo mzee akakwama. Mtu akija kukusalimia utamfanya nini? Mkewe, Chepchumba, alishatoa kiti na kikombe cha mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyuni. Kemuma akanywa, akasifu maziwa, akasifu kuku, akasifu hata mbwa, ambaye hakuwahi kusifiwa tangu azaliwe. Kisha akainuka na kikapu chake.

Chepchumba akamkazia mumewe macho. "Mgeni ataenda peke yake?"

"Nitamsindikiza mpaka langoni."

"La chini, baba," Kemuma akasema kwa upole. "Naelekea bandani."

Basi Kiplangat akatangulia katikati ya chai yake, akiinua miiba yake kwa mikono yake ili mgeni apite. Majani yalifika mabichi, mkaguzi akayapokea.

Jumanne Kemuma alikuja na mke wa Gekara, jirani mwingine wa juu. Jumatano wakaja akina mama wote wa juu, kila mmoja na kikapu na salamu zake, wakiulizia ndama, mahindi, goti la mzee. Kibuyu kilichowekwa kwa ajili ya Jumapili kilikauka. Mikono ya Kiplangat ilichanika, na miche yake haikuonja jembe, maana mwenye shamba alikuwa kazini, anasindikiza.

Ijumaa walimkuta mpakani akiburuta miiba kando.

"Pita hapa, mama, tupime upana wa njia."

Kemuma akapita. Kikapu kikagusa mche. Kiplangat akaung'oa, akausogeza.

"Sasa hii ni njia yenu, na ya watoto wenu. Mvua, jua, piteni. Lakini naomba kitu kimoja."

"Sema, baba."

"Msinisalimie."

Wakapita kimya, leso mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Walikuwa wameikaribia barabara sauti ya Chepchumba ilipopaa kutoka uani:

"Wewe mzee! Na hii birika nimeteleka ni ya nani?"

"Tukirudi, mama!" Kemuma akaitika, akakaza mwendo kwenda bandani.