Ukuta wa Bi Kuluthum

Saa nne na robo asubuhi pilau ya harusi ilikuwa imeiva, ikinukia bizari na mdalasini, na haikuwa na chumvi hata chembe.

Kuonja ilikuwa kazi yangu. Nilionja tena upande wa pili wa sufuria, kisha nikampa kijiko shangazi yangu, Bi Kuluthum, mpishi ambaye bila yeye mtaa wa Magogoni haukuozesha. Alitafuna polepole.

"Mbeyu!"

"Abee, mama."

"Hii pilau ama chakula cha mgonjwa?"

Mbeyu, aliyeanza kazi juma lile, alinyoosha mwiko. "Ukuta ndio umesema."

Kweli ulisema. Tangu sijazaliwa, shangazi aliandika kila kitu kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni, ya kufanya leo na ya kukumbuka siku zote, bega kwa bega. Osha masinia. Sufuria kubwa, mchele kilo ishirini. Nunua sabuni. Kwa Yeslam, chumvi hapana. Hayo ya mwisho yalimhusu Mzee Yeslam peke yake, mwenye presha, ambaye hupakuliwa sahani yake kando. Ila siku ile aliyekuwa akiolewa ni binti yake, na Mbeyu alidhani agizo ni la sufuria nzima. Nilikwisha kumwomba shangazi atenganishe maandishi yale; alinijibu kwamba ukuta wake umelisha watu kabla mimi sijaota meno.

"Ukuta wasema mangapi!" alifoka. "Umesema na sabuni. Mbona hiyo hukuitia?"

"Sabuni nimenunua, mama. Iko pale karoni."

Shangazi alicheka mpaka akaketi juu ya mbuzi ya nazi. Kicheko hakikutia chumvi. Wageni wangekaa kula baada ya adhuhuri, na pilau chapwa ingesemwa Kisauni nzima, kwa jina lake.

Tulimpakulia mzee kwanza. Nikayeyusha chumvi katika supu ya moto. Mbeyu akatoboa wali kwa mpini wa mwiko, nami nikamimina kidogo kidogo mashimoni. Shangazi akafunika, akapalia makaa, akatukataza hata kukaribia kifuniko. Alipofunua alionja katikati, pembeni, chini kabisa.

"Pakueni."

Masinia yalirudi matupu, na mama wa bibi harusi akatuma mtu kuulizia ukoko.

Alasiri shangazi alinitupia chaki. "Haya, msomi. Gawanya."

Kazi za siku nikazihamishia kwenye mlango wa stoo. Ukutani nikaacha vipimo na habari za wateja, na penye jina la Yeslam nikaongeza: sahani ya mzee tu. Mbeyu alisimama nyuma yangu akisoma ya mlangoni kwa sauti, mstari kwa mstari, akiuliza kama kila kazi imekwisha. Ya mwisho ilipokwisha, alilowesha kitambaa, akaufuta mlango wote. Ukuta hakuugusa.