Adhabu Isiyo na Siku

Tangu alfajiri Cansilde alikuwa kwenye foleni ya kuhakiki majina ya wakimbizi, kadi ya chakula mkononi, na ilipofika saa sita alikuwa bado hajaufikia mlango. Majirani zake wa Kabazana, mtaa wake kambini, walikuwa mbele na nyuma yake, lakini hakuna aliyemsemesha. Jina lako likifutwa kwenye orodha ya chakula, watu hukukwepa kana kwamba wataambukizwa. Zamani wangemuuliza hali ya Ladislas, mumewe. Sasa Ladislas amezikwa, basi hata salamu zimekauka.

Miezi mitatu alimuuguza hospitalini, mjini Mbarara. Nyuma yake, kambini, chakula kiligawiwa mara tatu, naye asiyefika mara tatu hufutwa. Sheria hiyo aliijua. Kosa lake, masikini, ni kudhani kwamba kifo ni udhuru wa kutosha.

"Miezi yote hii wewe nalikuwa wapi?" aliuliza Jonan, karani, macho kwenye kompyuta. Alikuwa kijana mwenye adabu, ndiyo maana kumchukia kulikuwa kazi.

"Kwa hopitali, mwanangu. Bwana yangu alikuwa mugonjwa, akafa. Papiye ya kifo ni hii."

Jonan aliisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Pole sana, mama. Lakini sistemu nasema wewe natoroka kambi. Weka kidole hapa, unakubali kosa. Halafu unangoja."

"Nangoja siku ngapi?"

"Hiyo mimi hapana jua. Mpaka sistemu ifungue."

"Basi ni adhabu."

"Hapana, mama. Hii si adhabu. Ni utaratibu tu."

Cansilde alihisi hasira ikimpanda, hasira ambayo hakuwa nayo hata makaburini. Adhabu alizijua. Mwalimu wake wa utotoni, kule kwao Kirundo, alimchapa fimbo nne kwa kuchelewa, akazihesabu kwa sauti, ya nne ikaisha, Cansilde akarudi kukaa.

"Padiri akinipa kitubio, ananihesabia," akasema. "Salamu Maria kumi. Nikimaliza, nimemaliza. Hata mwizi bakimufunga, banamwambia siku ya kutoka. Wewe unaninyima chakula, na jina la kitu unachonifanyia hutaki kulitaja. Andika adhabu. Andika na kosa: alimuuguza bwana yake. Andika siku. Hapo nitaweka kidole."

Jonan alijikuna shingo. Kompyuta ilikuwa na makosa sita ya kuchagua, na kuuguza mume hakukuwamo. "Hakuna pahali ya kuandika hivyo, mama."

"Cansilde, weka tu!" Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Mukamurenzi, waliyeimba naye kwaya miaka saba. "Unatuchelewesha."

Neno hilo lilimuuma kuliko yote ya karani. Alikitazama kidole chake, kimesuguliwa na jembe mpaka alama zake hazionekani vizuri. Akikiweka, huenda mwezi ujao, huenda mwaka ujao, akapata maharage. Asipokiweka, hapati kitu, na nyumbani ana mihogo ya siku mbili.

Akakificha ndani ya kitenge.

"Sikutoroka," akasema.

Jonan akabonyeza kitufe cha kompyuta.

"Umeandika nini?"

"Amekataa."

Cansilde aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Hilo, mwanangu, nimelifanya," akasema, akapita katikati ya watu waliomwachia njia pana, akashika barabara ya Kabazana peke yake.