Pima Tano za Ukili

Chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa ya kusukia mikeka, zilinifikia zikiwa zimefungwa ndani ya kanga ya mama, ile nyekundu iliyofifia mpaka imekuwa rangi ya tofali. Bi Zabibu alinikabidhi Marshalltown, nje ya duka la jumla anakonunua soksi na vesti za kwenda kuuza Tanga.

"Shika mzigo wako, Mayasa. Tangu mpakani naulizwa hili ni jani gani. Nimewaambia ni nyasi za bibi harusi. Wakacheka, wakaniachia."

"Ahsante, Bi Zabibu. Shikamoo."

"Marahaba. Siku hizi salamu inakuja baada ya ahsante? Johannesburg imekuharibu." Alinipiga kidogo begani. "Mama yako kasema pima tano. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi. Usiniletee hadithi."

Njia nzima ya kurudi Turffontein niliipakata ile kanga. Ilinukia sanduku la mama, udi na dawa ya nondo.

Kwetu Tongoni, binti wa nyumba yetu akiolewa, mkeka wake hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke husuka ukili, utepe mrefu wa chane, wa pima tano, na kwa kuwa pima moja ndiyo urefu wa mkeka, kila mmoja anakuwa na mistari yake mitano. Alhamisi kabla ya harusi mistari yote hushonwa ubavu kwa ubavu, kisha mkeka hupigwa pindo kuzunguka kingo zake. Mama ndiye mkaguzi. Huunyanyua ukili kuelekea jua akafumba jicho moja. Ukipitisha mwanga, hauingii. Hagombi wala hasemi neno, anauweka pembeni, na baada ya wiki unauona umekuwa kapu la kuku.

Na hakuna anayemsukia mwenzake. Mwaka alioolewa mama, mdogo wake alikuwa Mombasa na hakuleta ukili wake. Walisubiri mpaka Alhamisi jioni, wakaupiga mkeka pindo bila mistari yake mitano. Ukishapigwa pindo mkeka haufumuliwi tena. Mama ameulalia ule mkeka mwembamba maisha yake yote ya ndoa, na marehemu baba alikuwa akilala mkono mmoja uko sakafuni.

Anayeolewa safari hii ni Sumaiya, mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi siwezi kwenda. Kibali changu kinasubiri kuhuishwa tangu Machi, na nikitoka sasa huenda nisiruhusiwe kuingia tena. Sitamwogesha Sumaiya, sitamshikia mkono akipakwa hina, sitalia mlangoni wanapomchukua. Kitakachokuwa changu katika harusi hiyo ni pima tano tu, na nisipozipeleka, mdogo wangu atalalia mkeka mwembamba kwa sababu yangu.

Nimepanga chumba cha juu, nyuma ya nyumba moja iliyo karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kazi yangu iko Braamfontein. Napanga mafaili, ndiyo kazi niliyoisomea chuoni, na kuna siku napima maneno niliyosema tangu asubuhi nakuta hayafiki ishirini. Wenzangu ni watu wema. Ni mimi tu nisiyejua namna ya kuingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza.

Ilikuwa Septemba, baridi imeachia. Mpichi wa uani ulikuwa umetoa maua ya waridi kabla hata ya jani moja. Majirani walitandaza mablanketi yao kwenye kuta ili yapigwe jua. Na mnana mmoja, wa manjano mwenye uso mweusi, alikuwa akijenga kiota kwenye tawi lililoinamia kibaraza changu. Aliruka kwenye mtende wa jirani, akachana ujani mwembamba mrefu kwa mdomo, akarudi nao ukipepea nyuma yake kama utepe. Nilimtazama nikinywa chai. Niliona aibu kidogo kufurahi vile peke yangu.

Jumamosi nilikaa kibarazani nikaanza kusuka. Chane ya tatu ilikatika, na ya nne pia. Kufika saa nne nilikuwa na ukili wa shibiri moja na lundo la vipande mapajani. Hewa ya huku kabla ya mvua ni kavu, midomo inapasuka na sweta likivuliwa linatoa cheche. Tongoni chane hutandazwa nje alfajiri, zikalainika zenyewe kwa umande wa pwani. Huku hakuna umande.

Nikajaza ndoo maji, nikazamisha nusu ya chane, nikaziacha mpaka kesho yake.

Jumapili zilikuwa laini kama tambi. Nilisuka mchana kutwa, vidole vikikumbuka vyenyewe, na Jumatatu jioni nilitimiza pima ya tatu. Nikanyoosha mikono nikapima tena kwa furaha. Nikauning'iniza ukili kwenye ukingo wa kibaraza ukauke.

Usiku huo mama alituma ujumbe wa sauti. "Unaendeleaje, mwanangu?" Nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka, na Sumaiya akipaza sauti: "Mwambieni dada asije akasuka za mtindo! Mimi nataka mkeka, sitaki zulia la hoteli!" Niliusikiliza mara nne, si kwa sababu ya maneno ya mama. Nilikuwa nikisikiliza kile kicheko cha nyuma, nikijaribu kumjua kila mmoja.

"Vizuri, mama," nilijibu. "Zimebaki mbili."

Jumanne niliporudi kazini niliunyanyua ukili kuelekea jua lililokuwa likizama, nikafumba jicho moja. Jua lote liliniingia machoni. Chane zilikuwa zimekauka zikasinyaa, na kila msuko ulikuwa umeachana na mwenzake. Ningeweza kuchekechea unga. Chane husukwa na unyevu, hazisukwi na maji. Hilo kila mtoto wa Tongoni analijua akiwa na miaka sita. Nami nililijua. Sikuwa na mtu karibu wa kunikumbusha, basi.

Nilikaa chini nisiwashe hata taa. Kesho yake asubuhi mnana alitua ukingoni, akavuta ncha ya chane moja, akaigeuzageuza mdomoni, kisha akaidondosha uani akaenda zake kwenye mtende.

Hata yeye.

Jioni hiyo mlango uligongwa. Alikuwa Mama Marthe, Mkongomani wa Bukavu anayesuka nywele katika gereji ya chini. Tulikuwa tumeishi nyumba moja karibu miaka mitatu, na tulichowahi kuambiana ni habari za asubuhi. Mkononi alishika ukili wangu.

"Dada wa juu, hii njo yako? Upepo ilitupa kwa nguo zangu."

"Ni yangu. Samahani sana, mama."

"Samahani ya nini? Haikuvunja kitu. Njo nini, mushipi?"

"Ni ukili. Wa kushonea mkeka. Mdogo wangu anaolewa."

"Hééé! Mukeka ya harusi!" Aliupitisha kati ya vidole, polepole, kama anayemkagua mteja kichwa. "Lakini uliweka maji mingi."

"Umejuaje?"

"Niko nasuka vichwa ya watu miaka kumi na mbili. Ukisuka nywele na maji, ikikauka inalegea, muteja anarudia na makelele." Alishuka, akarudi na chupa ya plastiki ya kupulizia maji. "Pulizia mukono yako. Hapana majani, mukono! Mukono njo itabeba maji kidogo kidogo. Kuya chini, usuke pale kwa mulango, tupige masolo, tuongee kidogo. Peke yako huku juu unafanya nini?"

Nilitaka kwenda. Mungu anajua nilitaka. Lakini nilijiona nimekaa pale kati ya wateja wake, nisijue niseme nini, na mdomo ukanitangulia.

"Nina sufuria motoni, mama."

Alitazama nyuma yangu, chumba kimoja chote kinaonekana, na jiko baridi pembeni.

"Bon. Ikiiva, utashuka," akasema, akaniachia chupa.

Nilisuka jioni ile, na ya Alhamisi, na ya Ijumaa, nikipulizia viganja. Ukindu ulinisikiliza. Ulisukika polepole, mgumu kiasi, ukifunga kabisa. Lakini nilikuwa nimebakiwa na nusu ya chane na jioni tatu tu. Nilipofika pima ya pili, chane zilizobaki ziliisha. Jumamosi asubuhi niliukunja ukili ndani ya kanga ya mama nikaupeleka kwenye basi.

Bi Zabibu aliufungua, akapima kwa mikono yake.

"Mbili hizi."

"Nilikosea maji, Bi Zabibu."

"Wewe! Mtoto wa Tongoni ukakosea maji?" Hakucheka safari hii. Aliukunja ukili vizuri kuliko nilivyoukunja mimi, akautia kwenye mkoba wake wa mkononi, si ndani ya mabegi ya mzigo. "Nitafikisha. Maneno mwambie mama yako mwenyewe."

Sikumwambia. Wiki nzima nilimjibu kwa vifupi. Alhamisi ya kushona nilikuwa kazini, simu nimeiweka juu ya mafaili ili niione. Haikulia. Nilihesabu saa zao. Sasa wametandika jamvi ukumbini. Sasa mama ananyanyua. Sasa anafumba jicho.

Ijumaa alasiri mvua ya kwanza ikanyesha. Nilishuka basi nikiwa nimelowa, na barabara nzima ilinukia udongo. Watu walisimama kwenye milango yao wakiitazama tu. Maua ya mpichi yalikuwa yametapakaa uani. Niliingia chumbani, nikakuta mama ametuma picha.

Mkeka ulikuwa umetandazwa barazani, rangi ya majani makavu na mistari ya zambarau. Nilitafuta ukili wangu. Nilikuza picha mpaka ikawa madoa, nikashindwa kuuona. Kisha nikaona kitu kingine: pande tatu za mkeka zilikuwa na pindo jeusi, na upande wa nne ulikuwa wazi, chane zake za mwisho zimeachwa hivyo hivyo.

Nikajua nimekataliwa. Pale palipo wazi ndipo nilipotakiwa kuwa. Niliona kabisa lile kapu la kuku.

Nilipiga simu kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

"Mama, wangu haukuingia?"

"Nani kakwambia? Umeingia. Mistari miwili ya mwisho. Niliunyanyua juani wote wakiona, jua halikupita."

Nyuma yake kulikuwa na kelele za vyombo na mtu akimwita mtoto.

"Mbona basi haujapigwa pindo upande ule?"

"Nakuuliza wewe. Pima tatu ziko wapi?"

"Niliziharibu, mama. Nilizilowesha kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo!" aliwageukia wenzake. "Kazilowesha kwenye ndoo!" Kicheko kikalipuka, kile kile, na ndani yake Sumaiya: "Dada kapika ukindu! Dada, ulitia na nazi?" Nilicheka, na machozi yakanitoka, na nilishukuru kuwa simu haina macho.

"Mpigie pindo, mama. Ni harusi yake. Asilalie mkeka ambao haujaisha kwa ajili yangu."

"Nilimuuliza mwenyewe. Kasema uachwe." Sauti yake ilishuka. "Mimi nimelalia wenye pindo miaka thelathini. Kila nikitandika naona pale tulipomfungia mama yako mdogo nje. Sirudii. Hizo tatu zisuke. Na usimpe Zabibu."

"Nitumeje sasa?"

"Hazitumwi. Utakuja nazo."

"Kibali bado, mama. Sijui lini."

"Sikukuuliza kibali. Nimekuuliza pima tatu."

Akakata. Mama hajawahi kuagana kwenye simu.

Nilisimama kibarazani. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Kiota cha mnana kililowa, nyasi zake za kwanza zimeshageuka manjano, naye hakuonekana. Ukili wangu ulioharibika ulikuwa bado umening'inia pale nilipourudisha. Niliushika. Hewa ya mvua ilikuwa imeulainisha, si sana, kama umande tu. Zile chane zilikuwa zimekwisha kusinyaa kiasi chake. Nikizifumua na kuzisuka upya leo, hazitasinyaa tena. Nilifumua msuko wa kwanza kwa ukucha. Ulikubali.

Niliutazama mlango wa gereji chini. Taa ilikuwa inawaka na mvuke wa maji ya moto ulikuwa ukitoka. Tongoni hakuna anayesuka peke yake, lakini Tongoni huhitaji kubisha hodi, umezaliwa umekwisha kukaa. Nilisimama na ukili mkononi muda ambao ungetosha kupika wali. Kisha nikachukua kigoda changu na chupa ya kupulizia, nikashuka ngazi.

Mama Marthe alikuwa amemaliza mteja wa mwisho, anafagia nywele. Aliniona mlangoni, na kigoda, na ukili uliofumuka ukiburuta nyuma yangu. Alisogeza ndoo yake ya maji pembeni ili nipate pa kukaa.

"Ile sufuria," akasema, "iliiva?"