Katriji Moja ya Mapasa

Muuguzi Mwenya alibonyeza tena kisigino cha mtoto Kabwe mpaka tone la damu likaingia kwenye kichupa. Cha Kyungu kilikuwa tayari kimefunikwa. Mapasa hao, pacha wa wiki sita, walilala juu ya kitambaa kimoja cha kikwembe, vichwa vikigusana.

Tangu asubuhi wapiganaji walikuwa wameingia Lubumbashi, na risasi zilisikika upande wa mtaa wa Katuba. Wauguzi wengine walikuwa wamekwenda kutafuta watoto wao.

"Katriji ya kupimia damu imebaki moja," Mwenya alisema. "Leo mashine itapima mtoto mmoja kama virusi vya ukimwi vya mama vimempata. Mwingine kesho, njia ikifunguliwa."

"Inatosha," alisema Marceline, kambo yao, bibi mzaa mama. "Hawa ni mapasa. Kile kiko kwa mumoja kiko na kwa mwenzake."

Nyumbani kwake ndivyo ilivyokuwa. Akibebwa mmoja, mwingine naye alibebwa. Dawa ya kinga walinyweshwa pamoja, naye akikaa karibu kuhakikisha vipimo ni sawa.

"Kambo, walitoka katika mayai mawili," Mwenya alisema. "Kila mumoja alirithi damu yake."

Alichagua Kyungu kwa sababu uzito wake haukupanda. Alifungua katriji, akavuta damu yake kwa bomba. Ikishaingia kwenye katriji haitoki. Chileshe, mama yao, akamshika mkono.

"Usitie ya Kyungu. Tia ya Kabwe."

"Kwa nini, Mama Mapasa?"

Chileshe alitazama ukuta. "Siro, ile dawa ya kinga, ilikuwa inaisha. Nilikuja hapa, mlango ulikuwa umefungwa. Ulitufundisha kwamba mutoto akirithi kinga kama za mama, virusi vinamuingia kwa urahisi, kwa kuwa vimeshazizoea. Kyungu iko na sura yangu. Kabwe ni Kakule mutupu, baba yake. Siro yote nilimpa Kyungu."

"Lakini wote walikunywa," Marceline alisema. "Niliona na macho yangu."

"Kabwe alikunywa maji ya sukari, mama. Uliona kipimo tu."

Marceline akasimama. "Umegawanya mapasa! Sura ya Kakule ndiyo dawa?"

"Ningegawa nusu kwa nusu, wote wawili wakose?"

Risasi zililia karibu zaidi. Mwenya hakuinua sauti. "Kinga haionekani usoni, Mama Mapasa."

"Mimi ningeiona wapi? Niliona pua."

Mwenya alirudisha damu ya Kyungu kichupani, akachukua bomba jipya, akatia ya Kabwe, akafunga katriji na kuisukuma ndani ya mashine. Jenereta ilikohoa, ikaendelea. Walikaa sakafuni, mbali na dirisha. Marceline alimbeba Kabwe, kisha, bila kumtazama binti yake, akanyoosha mkono wa pili apewe Kyungu.

Kioo cha mashine kilipobadilika, Mwenya alisoma mara mbili kabla ya kugeuka.

"Virusi vimeonekana."

Chileshe akafunika uso. "Ni mimi."

"Sijui, na wewe hujui. Vinaweza kupita tumboni, au siku ya kuzaa, kabla hata ya siro. Ninachojua ni kwamba Kabwe anaanza matibabu sasa hivi. Kesho nitachukua damu nyingine kuhakikisha."

"Na Kyungu?" aliuliza Marceline.

"Kyungu hatujui bado. Ataendelea na siro mpaka apimwe."

Mwenya alitoa dawa ya Kabwe kabatini, akamnyooshea Chileshe. Chileshe aliipokea. Marceline akaitazama dawa ile, akamtazama Kyungu, ambaye hakupewa kitu. Kisha akamshika Kabwe kidevu.

"Mupe," alimwambia binti yake. "Mumoja tu. Na leo nione dawa yenyewe, si kipimo."

Chileshe alimnywesha. Mwenya akaweka kichupa cha Kyungu kwenye sanduku la barafu, akaandika jina lake juu, akaanza kutandika mablanketi sakafuni. Barabara ya kwenda kwenye ghala la katriji ilikuwa bado imefungwa.

"Tukiamka tunaanza na Kyungu," alisema, akazima jenereta.