Kovu la Kondo

Maji aliyofia Kondo hayakufika kifundo cha mguu. Lilikuwa dimbwi la mvua tu, kando ya njia ya Sofu, naye aliangukia uso. Watu wanne walisimama wakimtazama akipapatika. Si kwamba walimchukia. Walilelewa wakiambiwa kuwa povu la mwenye kifafa likikugusa, umeupata na wewe. Dada yake, Mwanahalima, alipofika mbio kutoka shambani, jembe lingali mkononi, dimbwi lilikuwa limekwisha kutulia.

Miaka tisa Kondo alikula peke yake, sahani yake ya bati ikioshwa mbali na vyombo vingine. Na aliondoka nyumbani mzima. Alikwenda Visiga kukata mkonge, na huko msimamizi wa Kizungu akampiga kichwani kwa chuma cha mashine kwa kosa la kusimama kunywa maji. Akalala siku sita hajitambui. Alipoamka, na kifafa kikaamka naye. Mwanahalima aliieleza habari hiyo mpaka ikamchosha mwenyewe. Watu waliitikia kwa kichwa, wakaendelea kukaa mbali.

Kwa Kondo jambo lilikuwa limekwisha. Lakini alikuwako Mwanakheri, binti yake Mwanahalima, aliyeposwa na kijana wa Vihingo. Baba wa kijana, Mwinyimadi, alikuwa amekwisha kuja, akakaa mkekani, akasema kwa upole kabisa.

"Mwanao hana doa, dada yangu. Lakini gonjwa hilo liko katika ukoo wenu. Wajukuu zangu nitakuja kuwatengea sahani?"

Alitaka neno la mtu asiye wa nyumba ile. Mwezi ukiandama atarudi kulisikia.

Ndiyo maana Mwanahalima hakumpeleka ndugu yake kaburini moja kwa moja. Daktari wa hospitali ya shamba la mkonge alikuwa ameomba zamani: Kondo akifa, aletwe, apate kuona ndani ya kichwa chake. Baba yake mdogo alimkataza, akasema mtu huzikwa kamili. Mwanahalima akamjibu kwamba Kondo alikwisha kupunguzwa siku ile ya chuma. Wabebaji hawakupatikana, basi mama na binti wakamfunga juu ya mkokoteni wakamsukuma wenyewe mpaka Visiga.

"Mwambie achukue," alimwambia Athanas, dresa wa kufunga vidonda aliyekuwa akimfasiria daktari. "Lakini aandike atakachokiona."

Daktari akakubali. Alipotoka chumbani alikuwa amechangamka. Akamshika Athanas kichwa na kuonyesha kwa kidole gumba: hapa, upande wa kushoto, mfupa ulibonyea ndani. Chini yake ubongo umesinyaa, umekuwa mgumu.

"Ni kovu, mama," Athanas alifasiri. "Hilo ndilo lililomletea kifafa. Halimwambukizi mtu wala halirithiwi."

Mwanahalima akalia pale pale, na aliona haya, kwa maana kilikuwa kilio cha furaha. Kondo akazikwa jioni, pamba kichwani, sanda imekazwa sana.

Karatasi ilichukua siku nane. Siku Mwanahalima aliyokwenda kuichukua, Mwinyimadi alikuwa amefika tangu asubuhi, yuko kwake mkekani, anangoja. Athanas akaisoma polepole.

"Amekufa maji. Alikuwa na kifafa cha kurithi, cha ukoo."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ikawa vile vile.

"Na kovu?"

"Halimo." Athanas akarudisha mlango kidogo. "Msimamizi yule ndiye meneja sasa, mama. Na mshahara wa daktari unatoka kwa meneja."

Chumba cha pili kilikuwa wazi. Daktari alikuwa na wageni wawili, Wazungu wenziwe, na mezani mbele yao pana chupa kubwa ya kioo, ubongo umo ndani yake. Alionyesha kwa penseli, kisha akajigonga kichwa kwa ngumi, upande wa kushoto. Wageni wakainama wote wawili kutazama.

"Anasemaje?"

"Anasema huyu alipigwa na chuma," Athanas alinong'ona. "Anasema hajapata kuona kovu lililo wazi namna hii."

"Basi twende ukamwambie Mwinyimadi maneno hayo hayo."

Athanas alitazama viatu vyake.

"Nina watoto wanne, mama."

Mwanahalima akaingia mle chumbani. Aliikumbatia ile chupa kwa viganja viwili, akaiegemezea paji la uso. Hakuna aliyemkemea. Daktari alingoja kwa adabu, kama mtu anayengoja mvua ipite, mpaka Athanas akamshika kiwiko na kumfikisha mlangoni taratibu, kisha akarudi ndani.

Mwanahalima aligeuka. Daktari alikuwa amempa Athanas kitambaa, na Athanas alikuwa ameinama akiifuta chupa pale palipopata jasho la Mwanahalima na pumzi zake, akasugua na kusugua, mpaka kovu likaonekana tena sawasawa, na wageni wakasogea.