Kidonge cha Wake Wenza

Nimechoka na mama yangu. Nimechoka kabisa, na anayesema mzee hagombezwi aje akae naye wiki moja hapa Matungu.

Presha ndiyo iliyomuua baba. Ilimwangusha bafuni, upande mmoja ukapooza, na hakuinuka tena. Kwa hiyo mama alipopatikana na presha hiyo hiyo, niliapa sitazika tena kwa ugonjwa huo. Dawa nanunua mimi. Chumvi nimeificha. Na bado kila tukienda kliniki, mashine inasoma mia na themanini! Sista Immaculate, muuguzi wetu, akaniambia wazi kwamba ikiendelea hivi mama ataanguka vilevile.

"Mama, dawa unameza?"

"Wallahi namezanga, Swafia. Kila siku."

Jana niliamka mapema nikamvizia. Alikaa kitandani, akatoa kidonge, akakikata kwa kisu cha mboga. Nusu akameza. Nusu akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akatoka nayo hadi nyumba ya pili, kwa mama mdogo Khadija, mke mwenzake. Nikamfuata.

"Ya Rabi! Unampa dawa yako?"

"Kwani kuna kitu hatugawani hapa? Na yeye anasikianga kizunguzungu. Juzi ameanguka akiteka maji kisimani."

"Nani alimpima?"

Wakatazamana kana kwamba nimewatukana. Niliwapeleka wote wawili kliniki saa ile ile, nikifoka njia nzima. Sista akampima mama: iko juu. Akampima mama mdogo, akarudia, akakunja uso.

"Huyu hana presha hata kidogo," akasema. "Yake imeshuka sana. Hiyo dawa ndiyo inamwangusha."

Lo! Yaani mmoja anakufa kwa kukosa nusu, mwingine anakufa kwa kuipata! Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakageuka kunitazama. Mama mdogo alijifunika uso na mtandio.

Leo asubuhi nimempa kidonge kizima na kikombe cha maji, nikamsimamia kama askari. Akakishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukaanza kupapasa mezani, ukitafuta kisu.

"Mama! Chote! Meza chote!"

Akameza. Kisha machozi yakamtoka.

"Tangu tumzike baba yako," akasema, "hiki ndicho kitu cha kwanza nimekula peke yangu."